Elohim wa Zaburi ya 82: Miungu au Watawala?

Anayetaka kujua maana ya elohim katika Zaburi ya 82 asiishie kwenye kiambishi tamati cha neno hilo. Ni kweli -im ni alama ya wingi katika Kiebrania, lakini Mwanzo inapofunguka, kitenzi bara, "aliumba", ambacho mtendaji wake ni elohim, kiko katika umoja. Kwa Mswahili si ajabu: "kiongozi" ana ki- ya "kitabu", na bado tunasema kiongozi amefika.

Mstari wa 1 unalitumia neno hilo mara mbili. Elohim wa kwanza amesimama, na nitsav, linaloeleza kusimama kwake, ni umoja. Wa pili wametanguliwa na bekerev, "katikati ya", na mtu hasimami katikati ya mmoja. Umbo ni lile lile; idadi inaamuliwa na maneno jirani.

Wafasiri wengi wa kale waliwaona hao wa pili kuwa waamuzi, watawala wa Israeli. Onkelosi, katika tafsiri yake ya Kiaramu, aliandika "waamuzi" hata kwenye Kutoka 22, ambako kesi hupelekwa kwa elohim na kitenzi yarshiun, "watakaomtia hatiani", kiko katika wingi. Mwaka 1935 mtaalamu Cyrus Gordon aliipinga maana hiyo kwa mabamba ya Nuzi, Iraki, ambako watu waliapishwa mbele ya miungu ili kesi iamuliwe. Wingi wa kitenzi, basi, hauthibitishi ubinadamu.

Mimi nashawishiwa na herufi moja ya mstari wa 7, ke-, yaani "kama". Elohim hao wanaambiwa watakufa kama adam, "mwanadamu", na kuanguka kama mmoja wa sarim, neno la kawaida la wakuu. Kama walikuwa wakuu tangu mwanzo, kufananishwa na mkuu kungewatisha nini? Wapo wanaojibu kwamba hakimu aliyeleweshwa na cheo anakumbushwa ubinadamu wake. Jibu hilo linamtosha adam. Kwa sarim linakwama.

Na shutuma yenyewe ni nzito: wamewapendelea waovu, wamemwacha yatima na maskini. Katika mstari wa 3 wanaamriwa shiftu, "hukumuni", kwa wingi. Mstari wa 8 unairudia amri hiyo kwa mzizi ule ule, ila sasa ni shoftah, "hukumu", kwa umoja. Kazi imeondolewa mikononi mwa wengi, na anayeitwa kuifanya ni Elohim mmoja.