Miongozo ya partisheni inajibu swali lisilo lenyewe

Ukitafuta namna ya kuweka Windows na Linux kwenye laptopu moja, hutakosa kukutana na lile jedwali. Mzizi, yaani sehemu ya mfumo na programu, GB 15. Swapu, mara mbili ya RAM. Kinachobaki chote kiende /home, kwenye faili zako. Mwaka wa kwanza wa uzamili nililifuata neno kwa neno, kwenye laptopu ya mtumba yenye SSD ya GB 256. Miezi michache baadaye, siku mbili kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, mashine ikawaka halafu ikagoma kuniingiza. Mzizi ulikuwa umejaa programu na masasisho, wakati /home ina zaidi ya GB 60 tupu. Nafasi ipo, naiona kabisa, na siwezi kuigusa.

Ni kweli baadhi ya namba hizo zimechakaa. "Mara mbili ya RAM" ni kanuni ya enzi ambayo RAM ilihesabiwa kwa MB. Leo mwenye RAM ya GB 16 akiitii, anatoa GB 32, sehemu ya nane ya diski kama yangu. Ubuntu yenyewe tangu toleo la 17.04 hutumia faili la swapu tu, ambalo unaweza kulipunguza siku yoyote. (Ukitaka laptopu ilale kwa kuhamishia RAM yote kwenye diski, hapo hesabu ni nyingine.)

Lakini ukisahihisha namba bado hujaponya ugonjwa. Miongozo inauliza kila mfumo upewe GB ngapi. Mimi ningeanza na hili: nani ataandika wapi, na kipi kinaweza kufutwa kesho bila mtu kulia?

Chukua ushauri wa kuwa na /home moja kwa Linux mbili. Unasikika wa busara, si ndiyo? Tatizo ni kwamba /home haibebi insha na picha zako peke yake. Ndani yake kuna mafaili yaliyofichwa, ambamo kila programu huweka mipangilio yake. Toleo jipya likishayaandika upya kwa namna yake, toleo la zamani la upande wa pili linaweza kuyashindwa. Firefox imewekewa kinga ya makusudi kwa ajili hiyo: ikikuta wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi, inakataa kuufungua. Kwa hiyo kinachofaa kushirikishwa ni kazi zako. Kila mfumo ubaki na /home yake.

Na hizo kazi zikae wapi? Hapa ndipo miongozo mingi inaponikera hasa. Inakuchorea partisheni ya pamoja ya NTFS, kisha inaendelea na mambo mengine kana kwamba imemaliza. Tangu Windows 8, kuna uwashaji wa haraka. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimi kikamilifu. Huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili kesho iamkie pale pale ilipoishia. Partisheni ilizokuwa imezifungua huhesabika bado ziko mkononi mwake. Linux ikiandika humo usiku, asubuhi Windows inaamka na kumbukumbu ya jana, na mfumo wa faili unaweza kuharibika. Ndiyo maana mara nyingi Linux hukuruhusu kusoma tu, au inakataa kabisa. Dawa ni kuuzima uwashaji huo kwenye mipangilio ya Windows. Ni mstari mmoja tu wa maelezo, na data ya tasnifu ya mtu inaweza kuutegemea!

Kwenye ukubwa, sidhani kuna anayeotea vizuri. Januari 2024 sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi kwa kosa 0x80070643, kwa sababu partisheni ya urejeshaji ilikuwa ndogo mno. Microsoft ikatoa maelezo ya kuiongeza MB 250 kwa mkono. Kama wenye mfumo wao walikosea hesabu, mwandishi wa jedwali kazitoa wapi GB 15 zake?

Haki nayo isemwe: miongozo mizuri husisitiza nakala ya akiba, hukuambia uipunguze Windows kwa kifaa chake yenyewe, na hukukumbusha kuhifadhi ufunguo wa BitLocker kabla hujagusa chochote. Hayo yasiachwe.

Laptopu yangu leo ina Windows GB 90, Linux moja yenye mzizi na /home pamoja GB 80, na partisheni ya kazi GB 50. Karibu GB 15 sijazigawa kabisa. Mwenzangu wa maabara aliziona akaniuliza ni za nini. Nikamwambia sijui bado.