Meza ya Viriba

Julai mjini Dodoma, asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi. Mvua ya mwisho ilikata Aprili, na nyingine haitegemewi kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba. Hapo ndipo kazi ya kitalu inapopamba moto, kwa sababu mche utakaokwenda shambani mvua zikishika hauna budi kuwa umeota, umehamishiwa kwenye kiriba na umepata nguvu mapema. Kuchekecha udongo, kuchanganya samadi na kujaza viriba hufanyika katika miezi ambayo upepo wa kusini mashariki hauna huruma na ndoo ya maji ina thamani kuliko msimu mwingine wowote.

Ukipita kwenye vitalu vya kando ya barabara zinazoingia mjini, utakuta miembe ya kubebesha, mipera, mipapai, miarobaini na maua ya bustani yamepangwa chini ya nyavu za kivuli. Utakuta toroli, beleshi, keni na chekeche. Wajazaji, wengi wao kina mama na vijana, wameketi kwenye vigoda au ndoo zilizopinduliwa, wamelizunguka lundo la udongo na migongo imepinda. Meza haipo. Watu wameshazoea isiwepo, hata hakuna anayeulizia. Gharama yake, hata hivyo, hulipwa mara mbili: kwanza na mgongo wa mjazaji, kisha na mzizi wa mche.

Hesabu ya mgongo ni rahisi kuifanya. Kiriba cha kawaida cha miche ya miti, kile ambacho kikilazwa kitupu kina upana wa sentimita 10 na kikijazwa husimama kwa kimo cha sentimita 15, humeza karibu nusu lita ya udongo. Viriba 1,000 ni nusu mita ya ujazo, sawa na toroli nane hivi, na udongo ukiwa na unyevu uzito wake unapita kilo 600. Mzigo wote huo hupita mikononi mwa watu, konzi kwa konzi. Anayeufanyia kazi chini huinama, hujipinda kiunoni kufikia lundo upande mmoja na kupanga viriba upande wa pili, kisha hurudia. Jioni akisimama, husimama kwa awamu.

Étienne Grandjean, mtafiti wa Uswisi aliyechunguza kwa miaka mingi namna kazi inavyopaswa kumfuata mtu badala ya mtu kuifuata kazi, alishauri kwamba kazi nyepesi ya kusimama iwekwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko, na kazi nzito zaidi ishuke chini ya hapo. Mtu wa sentimita 158 kiwiko chake kiko kwenye mita moja hivi. Fundi akisikia hivyo atatengeneza meza ya sentimita 85 au 90, na kwa kitalu atakuwa amekosea, kwa sababu mikono ya mjazaji haifanyi kazi kwenye ubao. Inafanya kazi mdomoni mwa kiriba, sentimita 15 juu ya ubao. Toa kimo cha kiriba, na meza inateremka mpaka 70 au 75. Vipimo vya namna hii havinakiliwi kutoka kwenye picha ya bustani ya Ulaya, ambako vyungu, udongo na vimo vya watu ni vingine. Hupimwa kwa futi, mjazaji mwenyewe akiwa amesimama hapo na kiriba mkononi.

Tuje kwenye mzizi. Mtazame mjazaji stadi akiwa mezani. Anachukua kiriba, anakifikicha kwa kidole gumba na cha shahada mpaka mdomo unaachana, anaukunja ukingo kidogo nje ili usimame. Kama kiriba kiko wazi pande zote mbili, anatanguliza konzi ya udongo wenye unyevu na kuushindilia kwa vidole mpaka ufanye kizibo. Ndipo anapochota kwa chupa ya maji iliyokatwa mshazari, anajaza theluthi, anakigongesha kiriba kwenye ubao mara mbili, anajaza tena, anagongesha tena, anaacha nafasi ya kidole kimoja juu kwa ajili ya maji. Kule kukigongesha kiriba kwenye ubao mgumu ndiko kunakofanya kazi kubwa. Udongo unashuka na kujaa sawasawa pasipo kubanwa. Chini, kwenye vumbi, hakuna pa kugongesha, kwa hiyo mjazaji hubana kwa kidole gumba kutoka juu: juu pakawa pagumu, katikati pakabaki pakavu penye pengo la hewa. Mzizi mkuu wa mche ukifika kwenye pengo hilo hukauka au hupinda. Kiriba chenyewe hukunjika kiunoni, maji yakimwagwa hutuama kwenye mkunjo, na mche unaanza kulegea bila sababu inayoonekana kwa juu.

Udongo nao unadai meza. Kila kitalu kina mchanganyiko wake: udongo wa juu wa msituni, samadi iliyooza vizuri na mchanga, kwa vipimo vinavyobadilika kulingana na udongo uliopo. Katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes nchini Uingereza waliona jinsi mapishi ya udongo ya watunza bustani yalivyotofautiana na miche inavyokufa, wakafanya majaribio hadi wakapata uwiano ulioenea dunia nzima: sehemu 7 za udongo tifutifu, 3 za mboji ya kinamasi na 2 za mchanga mnene. Uwiano huo si wa kuhamishia Dodoma, kwa kuwa hakuna kinamasi cha kuchimba mboji. Kinachofaa kuigwa ni nidhamu ya kupima kwa chombo kilekile kila mara, na kuchanganya mahali ambapo uchafu wa ardhini hauingii. Lundo lililomwagwa chini hupoteza uwiano wake kila beleshi linapokwangua ardhi. Mezani, ndoo tatu zinabaki kuwa tatu. Mjazaji hulowesha mchanganyiko kidogo, hukamata konzi na kuibana. Ikishikamana, kisha ikaachia inapoguswa kwa kidole, iko tayari.

Sasa, meza ya Dodoma lazima ijibu mambo matatu ambayo meza ya Lushoto au ya Arusha haiulizwi kwa ukali huo: mchwa, upepo na maji.

Mchwa ndio mtihani mkubwa. Wajenzi wa tembe za Kigogo, nyumba zenye paa la udongo linalobebwa na nguzo, wamejua kwa vizazi vingi kuwa nguzo isiyo sahihi huliwa ikiwa imesimama. Mninga na mpingo huwashinda mchwa, lakini mninga ni ghali na ni mti unaostahili kuhifadhiwa, na kuukata ili kutengeneza meza ya kuoteshea miti kunapingana na shabaha yenyewe. Mbao za msindano, nyingi zikitoka nyanda za juu kusini kwenye mashamba kama Sao Hill ya Mufindi, hupatikana kwa urahisi, lakini zikiwekwa bila dawa na miguu ikigusa ardhi, mchwa watazimaliza. Jawabu la busara ni kutoiacha miguu iguse ardhi kabisa. Kila mguu unakaa juu ya kitako cha zege au tofali la saruji, na kati ya mbao na zege kinawekwa kipande cha bati kilichokunjwa kingo kuelekea chini. Mchwa hawapendi kutembea kweupe; hujenga vijia vya udongo, na vijia hivyo vikilazimika kuzunguka bati vinaonekana. Anayefagia kitalu kila Jumamosi huvikwangua na kazi imeisha.

Wengi hupaka oili chafu ya magari. Inazuia mchwa kwa muda, ni kweli, lakini haifai kwenye ubao unaobeba udongo wa michicha, nyanya na mipapai. Kama lazima ipakwe, iishie miguuni, chini kabisa. Hali kadhalika mapaleti yanayoshuka na shehena na kuuzwa rahisi: kabla ya kununua, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitiwa joto kuua wadudu, na hizo ni salama. Herufi MB ni za gesi ya methili bromaidi, na paleti la aina hiyo liachwe lilipo.

Upepo unajibiwa kwa umbo. Ubao wa mgongo wa meza upande kwa sentimita 30 au zaidi, na mbavu mbili za pembeni ziwe nusu yake, upande wa mbele ukiachwa wazi. Kisha meza yote igeuzwe mgongo wake utazame kusini mashariki. Kwa marekebisho hayo madogo, udongo uliochekechwa hautapepetwa, mbegu nyepesi hazitaruka, na macho ya mjazaji yatapona. Wenye kitalu kilichozungukwa na ukuta au ua mnene wanaweza kuyapuuza haya; wenye viwanja vya wazi vya Nala au Ihumwa, hapana.

Maji ndiyo yanayofanya juu ya meza pastahili bati. Mji wa Dodoma kwa miongo mingi umekunywa kutoka visima vya Mzakwe, na kila mkazi anajua maana ya mgao. Funika ubao kwa bati laini, kunja kingo, na uinamishe meza upande mmoja kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Kwenye pembe ya chini toboa tundu, na chini yake pawekwe ndoo. Maji ya kuloweshea udongo, ya kuoshea viriba vya zamani na yanayochuruzika kutoka kwenye miche iliyotoka kunyweshwa yote huishia ndooni na kurudi kwenye keni.

Mteja akifika kwenye karakana na kusema, “Fundi, nataka meza ya kitalu,” huenda akajibiwa kwa swali: “Ya kulia chakula au ya ofisini, mama?” Kimo kinalingana na meza ya kulia, lakini uzito haulingani hata kidogo. Ubao wa sentimita 180 kwa 70 ukibeba udongo wa kina cha sentimita 10 umebeba kilo 150 na ushei, kabla mtu hajauegemea. Miguu iwe ya mbao mbili kwa nne, mishazari ya kuzuia kuyumba isisahaulike nyuma na ubavuni, na viungo vishikwe kwa bolti badala ya misumari, kwa kuwa jua la Dodoma hukausha mbao mpaka misumari inalegea. Asiyeweza gharama hiyo ajenge nguzo mbili za matofali ya kuchoma na kulaza mbao nene juu yake. Si meza ya kupendeza, ila mchwa hawana la kuifanya, na itadumu. Skwea paipu za kuchomelea nazo zinafaa, mradi ziwe chini ya kivuli. Saa nane mchana chuma hakigusiki.

Kuna wanaoshauri kuiweka miche yote juu ya meza za waya, kama walivyohimiza watafiti wa kilimo-mseto cha miti wa ICRAF jijini Nairobi, ili mzizi unaotoka chini ya kiriba ukutane na hewa, ukatike wenyewe na kuchochea mizizi midogo. Sayansi yake ni sahihi. Kwa Dodoma inahitaji mwenye maji ya kutosha, kwani hewa ileile kavu hukausha kiriba chote. Mwenye kitalu wa kawaida atafaidika zaidi kwa kupanga miche kwenye matuta ya kuzama yanayotunza unyevu, akiisogeza na kukata mizizi iliyochomoza kila baada ya wiki chache, na meza akaiacha iwe ya kazi.

Si kila mti unahitaji kiriba, na hilo lisemwe waziwazi. Kampeni ya Kisiki Hai, inayoendeshwa mkoani Dodoma na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit tangu 2018, inawafundisha wakulima kuchagua na kulea machipukizi ya visiki ambavyo tayari vina mizizi ardhini. Kwa migunga na miti mingine ya asili ya mashambani hiyo ndiyo njia bora na isiyo na gharama. Lakini kisiki hakizai embe la kisasa wala hakitoi kivuli kwenye uwanja mpya wa shule. Historia ya mkoa huu pia imepita vitaluni: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 kupambana na makorongo ya Kondoa na kwingineko, uliotesha miche, mwaka huohuo uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma uliupa mji mitaa mipya iliyohitaji miti, na Desemba 2017 kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa Mzakwe na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais. Matangazo huhesabu miche iliyopandwa. Ubora wa kila mmoja wake uliamuliwa miezi mitano nyuma, kiriba kilipokuwa kinajazwa.

Meza hiyohiyo ina kazi ya pili, inayodai mkono mtulivu kuliko kujaza. Kubebesha mwembe ni kuukata mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, kuupasua katikati, kuuingizia kikonyo cha embe la Apple au Kent kilichochongwa mfano wa kabari, magome yakakutana walau upande mmoja, kisha kufunga kwa ukanda wa nailoni. Kisu kikiteleza milimita mbili, kikonyo kinakauka. Hapa jicho linataka kuwa karibu, kwa hiyo kimo cha 75 hakitoshi. Sanduku imara la sentimita 15 likiwekwa kwenye pembe ya meza linainua kazi mpaka kifuani bila mtu kuinama. Chini ya sanduku panakaa kisu, jiwe la kunolea, spiriti ya kusafishia makali na kanda za nailoni zilizokatwa tayari. Mwembe uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali ule wa mbegu husubiriwa mpaka wa sita au zaidi, na wauza miche wa Dodoma huulizwa tofauti hiyo na wateja kila siku.