Tunapuuza Msuguano, Halafu Hatuurudii

Bila shaka umeshakutana na swali hili: boksi limewekwa kwenye mteremko laini wa nyuzi 30, tafuta mchapuko wake. Unaandika ulichopewa na unachotafuta, unachomoa kanuni, unapata mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Tiki. Swali linalofuata.

Wengi wetu tumefaulu fizikia kwa njia hiyo, na siidharau. Hata Galileo, alipochunguza mwendo, alianza kwa kuweka pembeni vitu vinavyousumbua. Lawama yangu ni moja: tunapuuza kitu, halafu haturudi kuuliza kina ukubwa gani.

Chukua mialo ya Nyarugusu, Geita. Mawe yaliyosagwa kwenye karasha humwagiwa maji juu ya mteremko uliotandikwa magunia au zulia. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya mawe ya kawaida ina kama gramu 2.7 tu. Mchanga unasombwa, dhahabu inanasa kwenye nyuzi za gunia. Sasa weka pale ule mteremko laini wa kwenye mtihani, uone kama jioni utabaki na kitu! Msuguano tuliofundishwa kuupuuza ndio unaolipa ada za shule za watoto wengi huko.

Kwenye kamba mambo ni mazito zaidi. Mtu wa kilo 60 anashushwa duarani. Ukiulizwa kamba inabeba kani gani, utazidisha 60 kwa 10, utajibu niutoni 600. Ni sawa, kama ametulia au anashuka kwa mwendo usiobadilika. Lakini tuseme anashuka kwa mita 2 kwa sekunde, na aliyeshika winchi anamsimamisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchapuko ni 20 kuelekea juu, kwa hiyo kamba inabeba 60 mara (10 + 20): niutoni 1,800. Mtu ni yule yule, kamba ni ile ile, mzigo umekuwa mara tatu. Aliyekariri "mvuto wa kamba ni sawa na uzito" amepata maksi, ila hajui kwa nini breki inashikwa taratibu.

Umeme nao uko hivyo hivyo. Vitabuni waya hauna ukinzani. Pampu ya maji inayovuta ampia 10 kupitia waya mrefu wenye omu 2, kwenda na kurudi, inapoteza volti 20. Kati ya 230 zinabaki 210, na wati 200 zinageuka joto kwenye waya. Waya huo ukiachwa umeviringwa, joto halina pa kutokea.

Tatizo lingine ni lugha. Mtihani wa sekondari uko kwa Kiingereza, duarani watu wanaongea Kiswahili na Kisukuma. Kijana wa Kahama anaweza kuishi katikati ya fizikia akadhani iko kwenye daftari tu.

Basi, ukimaliza swali usikimbilie la pili. Jiulize: nimepuuza nini hapa? Kisha kirudishe, ukokotoe tena. Jibu likibadilika kidogo, ulikuwa na haki ya kukipuuza. Likiwa mara tatu, ujue kwamba swali lenyewe ndiyo kwanza linaanza.