Mnara wa karatasi unaanguka, na hakuna mwenye kuuliza sababu



Kuna somo moja ambalo walimu wa mahali pengi duniani wanalipenda, na kwetu pia wenye kufundisha sayansi na teknika wanalijaribu. Mwalimu anagawa kalasi kwa vikundi vya watoto 4 ao 5. Kila kikundi kinapewa karatasi kidogo, skochi, na dakika 20. Wenye kujenga mnara mrefu kupita wote ndio wanashinda. Watoto wanacheka, wanapiga makofi, mwalimu anapiga picha, kengele inalia. Kisha tunasema: leo tumefundisha uhandisi.

Mimi nasema hapana. Karatasi haina kosa, iko kifaa kizuri sana. Kosa liko katika vile tunahukumu kazi.

Kwanza, tunatoa pointi kwa urefu tu. Injinia gani analipwa juu ya urefu peke yake? Kazi yake ni kubeba mzigo fulani, kwa vitu kidogo, kwa bei ambayo mwenye nyumba anaweza. Pili, hakuna mtoto aliyeombwa aandike mbele: "Nafikiri mnara utavunjikia hapa, kwa sababu hii." Asiyetabiri hawezi kujua kama alielewa ao alibahatika. Tatu, mnara ukianguka tunaufagia. Lakini pale ulipovunjika ndipo somo lilikuwa linaanza.

Tuchukue karatasi moja ya A4, ile ya kawaida. Uzito wake ni gramu 5 hivi, unene wake karibu milimeta 0,1. Uitandike juu ya vitabu viwili vyenye kuachana sentimeta 20: inalegea yenyewe, hata bila mzigo. Sasa uikunje kama akordeoni, mikunjo ya urefu wa sentimeta 1. Urudishe palepale, uweke simu juu. Inabeba. Karatasi ni ileile, gramu ni zilezile. Kitu gani kimebadilika?

Hapo ndipo ile formula ambayo tulikopia kwenye tablo bila kuiona inapata mwili. Kwa karatasi ya kukunjwa namna hiyo, ugumu wa kupinda unaongezeka kwa mraba wa urefu wa mkunjo ukigawanywa na unene. Milimeta 10 kwa 0,1 ni mara 100. Mraba wake ni mara 10.000. Mtoto akiisha kuona hivyo, aangalie bati la paa la nyumba yao, ataelewa juu ya nini lina mawimbi. Kisha aongeze mzigo mpaka daraja life. Ataona halikufa kwa kukatika: mikunjo ilifunguka upande na upande. Mwambie abandike kipande kyembamba cha karatasi chini, kizuie mikunjo isifunguke, ajaribu tena. Kutabiri, kuvunja, kueleza, kurudilia: hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mutaniambia: ni mambo ya kitoto. Basi tuone jambo lililotokea karibu na kwetu. Kiisha 1994, wakimbizi katika ukanda huu walikuwa wanakata miti kwa kushikilia mashiti ya plastiki ya HCR. Milima ikabaki uchi. HCR ikaleta mabomba ya aluminiamu. Watu wakayauza, na miti ikaendelea kukatwa. Msanifu majengo wa Ujapani, Shigeru Ban, akapendekeza mabomba ya karatasi ngumu. Kisha vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa Rwanda kwa majaribio. Muangalie hesabu yake: hakutafuta kibanda kirefu. Alitafuta kitu chenye nguvu ya kutosha, kisichokula msitu, na ambacho mtu hatapata faida kukiuza. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa sana kwa wasanifu majengo.

Sasa tufike penye kuumiza. Exetat, katika session ordinaire, inauliza maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anaweza kuchagua jibu la kweli juu ya mvuto na mgandamizo, apate diploma, aende kwenye shantie, na asijue chuma cha balkoni kinapita wapi. Balkoni inashikwa upande mmoja tu. Juu ndiko inavutika, kwa hiyo chuma kikubwa kinapaswa kukaa juu. Ukikiweka chini, kama vile kwa boriti yenye kulala juu ya kuta mbili, umeandaa msiba. Na zege ikiisha kumwagwa, hakuna mwenye kuona kosa.

Kipande cha karato kinaonyesha hilo kwa dakika 5. Kikate kidogo upande wa juu na upande wa chini, kisha ukishike kwenye ukingo wa meza, kichwa kitokee nje. Bonyeza kichwa: mkato wa juu unafunguka, wa chini unajifunga. Ukilaze sasa juu ya vitabu viwili, ubonyeze katikati: ni wa chini unaofunguka. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho hatasahau.

Najua majibu ya walimu, na ni ya haki. Kalasi iko na watoto 60, programu ni ndefu, inspekta anataka kuona kaye imejaa. Lakini majaribio haya mawili yanaingia katika saa moja ya somo, na karatasi za interro za mwaka uliopita zinatosha.

Karatasi pia iko na mipaka. Inalegea na unyevu, haifundishi namna zege inakauka, wala namna chuma kinaoza. Basi isigeuke kisingizio cha Leta kutuambia kama labo haina lazima. Labo tunaidai, na tutaendelea kuidai. Ila kati ya leo na siku labo itafika, kuna promosheni zinatoka, na kuna balkoni zinamwagwa.

Kwa hiyo, wenye kufundisha kati yetu, mubadilishe sheria ya mchezo. Pengo la sentimeta 20. Kila kikundi karatasi moja. Mshindi ni yule ambaye mzigo wa daraja lake, ukigawanywa na uzito wa daraja lenyewe, unapita wa wengine; na hapati pointi hata moja kama hakuandika mbele mahali daraja litavunjikia. Halafu mutuletee hapa yale watoto waliandika. Picha za minara tumekwisha kuziona za kutosha.