Mikono Iliyotengeneza Drum

Machi 1954 jarida la Drum la Johannesburg lilichapa picha ambayo serikali ya makaburu isingependa ionwe na mtu yeyote. Ndani ya ua wa jela, mfungwa yu uchi wa mnyama mbele ya askari, anacheza. Wafungwa waliorudi kutoka kazini walilazimishwa kuruka, kujigeuza, kupanua mikono na kufungua kinywa, ili askari wahakikishe kwamba hawakuficha kitu mwilini. Mchezo huo wa fedheha uliitwa tausa. Aliyepiga picha ni Bob Gosani, kijana wa Kiafrika aliyepanda juu ya paa la jengo lililotazamana na jela, akiwa na kamera yenye lenzi ndefu.

Picha ile haikuokotwa njiani. Henry Nxumalo, mwandishi wa jarida hilohilo, alikuwa amejitia mikononi mwa polisi makusudi. Alitembea usiku bila pasi, kibali alicholazimishwa mtu mweusi kukibeba, akakamatwa, akahukumiwa, akalala jela siku tano na kuonja mateke ya askari. Alipotoka aliandika yote aliyoyaona. Lakini neno la mtu mweusi mmoja serikali ingeweza kulikana asubuhi tu, kwa hiyo ulihitajika ushahidi wa pili, na Gosani akauleta kutoka juu ya paa. Mmoja aliona kutoka ndani, mwingine kutoka juu, na kurasa zikawakutanisha. Tangu niifahamu kazi ile nimekuwa nikiirudia kila ninapotaka kujikumbusha jarida la mjini linaweza kufanya nini mikononi mwa mafundi.

Na Drum lilikuwa jarida la mjini hasa, la starehe na mitindo: waimbaji, mabondia, warembo wa jalada, hadithi za mapenzi na za wapelelezi. Halikuanza hivyo. Lilizaliwa mwaka 1951 mjini Cape Town kwa jina la The African Drum, mhariri wake akiwa Bob Crisp, na fedha zikitoka kwa Jim Bailey, mtoto wa Abe Bailey, tajiri wa migodi. Matoleo ya kwanza yalijaa machifu na ngoma za makabila, kana kwamba Mwafrika anayepanda treni kwenda kazini hayupo duniani. Halikuuzika. Bailey akalihamishia Johannesburg na kumwita Anthony Sampson, waliyesoma naye Oxford, aje kuwa mhariri. Sampson hakuwa na uzoefu, ila alikuwa na busara ya kuuliza wasomaji. Wakamweleza wazi kwamba habari za machifu zimewachosha. Wanataka jazi, mpira, ndondi, nyota wa filamu, na maisha ya mjini kama wanavyoyaishi wao. Aliwasikiliza, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya jarida hilo.

Wasomaji hao walitaka kujiona, na kujiona kulihitaji wapigapicha. Hapa ndipo panaponivuta zaidi.

Jürgen Schadeberg alifika Afrika Kusini kutoka Berlin mwaka 1950, kijana bado, akaingia Drum mwaka uliofuata. Alikuwa fundi, na alikubali kufundisha. Gosani alijifunza kwake. Peter Magubane aliajiriwa kama dereva, akahamia chumba cha giza, kisha akakabidhiwa kamera. Ernest Cole alikuja baadaye, mwaka 1958, akawa msaidizi wa Schadeberg, na baada ya miaka tisa akatoa House of Bondage, kitabu cha picha kilichoifunua siasa ya ubaguzi mbele ya dunia nzima. Vijana hawa waliishi katika nchi iliyopanga kwa sheria kwamba mtu mweusi afunzwe utumishi tu. Ufundi wao ulipita kutoka mkono hadi mkono, kando ya beseni za dawa.

Inafaa tukae kidogo katika chumba kile. Kamera iliyopendwa na magazeti mengi enzi hizo ilikuwa ile ya lenzi mbili, inayoshikwa kifuani na kutazamwa kutoka juu. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu. Picha kumi na mbili, kisha unasimama, unafungua, unaweka nyingine, na huku tukio linakwenda zake. Mpigapicha hakuweza kubonyeza hovyo akitumaini kwamba moja itatokea. Ilimlazimu amsome mtu kwanza: anavyosimama, anavyocheka, mwanga unamgusa wapi. Tena kioo cha kamera ile hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo ukimfuata mtu anayetembea, mikono yako huenda kinyume na jicho mpaka mwili uzoee. Kwa kuwa hakuinua kamera usoni, mpigapicha alimwinamishia kichwa mtu anayempiga, na waliopigwa hawakujihisi wamelengwa bunduki. Naamini sehemu ya utulivu tunaouona katika nyuso za kurasa zile imetoka hapo.

Kisha picha zikaenda kusafishwa. Filamu huingizwa katika dawa gizani, muda unahesabiwa, joto la dawa linachungwa, na ukikosea kidogo kazi ya siku nzima imepotea. Ikikauka hupitishwa kwenye mashine ya kukuzia, mwanga unashuka juu ya karatasi, na hapo fundi huingiza mkono wake kati ya taa na karatasi. Mtu mweusi aliyevaa shati jeupe na kofia, akisimama kwenye jua kali, huwa mtihani mgumu: ukilitendea haki shati, uso unazama kwenye kivuli, ukiufuata uso, shati linaungua na kuwa doa jeupe. Fundi hukinga uso kwa kiganja kwa sekunde chache, akikitikisa ili kisiache alama, mpaka macho, mashavu na hata jasho vionekane. Sekunde zile ndizo zinazoamua kama mtu atatoka gazetini akiwa na sura yake au akiwa kivuli tu chini ya kofia. Ukizitazama picha za Drum leo, nyuso zimo, na ni fundi aliyeziokoa.

Subira hiyo ya mafundi ilikuwa na sura nyingine pia, ile ya hatari. Kwa habari iliyochapwa Machi 1952, Nxumalo alikuwa amekwenda Bethal, kwenye mashamba ya viazi ya wazungu, akajifanya kibarua ili aandike jinsi watu walivyofanyishwa kazi kama watumwa. Picha zilikuwa za Schadeberg. Magubane alipotumwa Zeerust, mahali ambapo waandishi walizuiwa, alitoboa mkate akaficha Leica ndani yake, akawa anapiga picha huku akijifanya anakula. Mkate ulipokwisha, akahamia kwenye pakiti ya maziwa. Nxumalo mwenyewe aliuawa usiku wa kuamkia mwaka 1957, akiwa katika uchunguzi mwingine.

Siku za furaha nazo zilikuwa na gharama. Schadeberg alimpeleka Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji, juu ya kilima cha vifusi vya mgodi wa dhahabu ili ampige picha akiwa amevaa nguo ya kuogelea. Polisi wakawakamata kwa tuhuma ya uasherati baina ya rangi mbili.

Waandishi walistahili picha hizo. Todd Matshikiza aliandika habari za muziki kwa mwendo wa mpiga piano, maana ndivyo alivyokuwa; ndiye aliyetunga muziki wa tamthilia ya King Kong ya mwaka 1959. Can Themba alishinda shindano la kwanza la hadithi fupi la Drum, akaajiriwa. Es'kia Mphahlele alihariri hadithi kwa miaka michache kabla ya kuondoka kwenda Nigeria. Wengi wao walimalizikia uhamishoni.

Jarida hilo halikubaki kusini. Lilikuwa na matoleo ya Afrika Magharibi na ya Afrika Mashariki, na ofisi Nairobi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa hadithi za picha za Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara, aliyesomwa kwa pupa Kenya na Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970. Mzee wa enzi hizo akisikia jina la Spear hutabasamu mpaka leo.

Februari 1955 malori ya serikali yaliingia Sophiatown, kitongoji ambacho Drum lilikipenda kuliko vyote, kikaanza kubomolewa. Mahali pake pakajengwa mtaa wa wazungu, nao ukaitwa Triomf, yaani ushindi. Karibu nyumba zote hazipo, vilabu vya pombe na muziki havipo. Kilichopo ni nyuso, na zipo kwa sababu Jim Bailey hakuruhusu negativu zitupwe. Zilihifadhiwa, zikawa hazina ya historia, na kila mtu anayeandika leo kuhusu Johannesburg ya miaka ile hubisha hodi hapo.

Hapa kwetu hazina kama hiyo ingali majumbani, katika makasha ya studio za zamani za Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura, nyingi zikiwa kwa warithi wasiojua wamerithi nini. Kama unayo, usiichome na usimuuzie mwenye vyuma chakavu. Negativu zikianza kunuka siki, ujue zinaharibika. Ziondoe kwenye plastiki, zitie katika bahasha za karatasi, ziweke pakavu mbali na joto. Kisha mwite mzee anayewafahamu watu waliomo, uandike juu ya kila bahasha kwa penseli majina, mtaa na mwaka. Fanya hivyo mwezi huu, wakati mzee huyo angali anakumbuka.