Kuhesabu Nyuzi: Maoni Machache juu ya Utarizi wa Mshono wa Msalaba

Tunapotaja sanaa zilizojenga utamaduni, kutarizi hupewa nafasi ya mwisho, na mara nyingi husahauliwa kabisa. Husemwa kuwa ni kazi ya kupitishia jioni. Sikusudii kutetea utarizi wote, kwani matawi yake ni mengi. Nitasema juu ya tawi moja tu, yaani ule mshono wa msalaba ambao mtarizi wake hafuati mstari uliochorwa juu ya kitambaa, bali huhesabu nyuzi. Nadhani walimu wa Kiswahili, ambao kila mwaka twawafundisha vijana kuhesabu mizani, tungepaswa kuuelewa ufundi huu upesi kuliko watu wengine.

Vitambaa vingi vya meza na vya viti tunavyoviona majumbani hutariziwa kwa njia nyingine. Ua au ndege hunakiliwa kwa penseli au karatasi ya kaboni, kisha uzi hufuata mstari mpaka mstari uishe. Katika utarizi wa kuhesabu, kitambaa ni kitupu. Mchoro uko pembeni, juu ya karatasi ya miraba, na kila mraba wenye alama ni mshono mmoja: uzi hupita mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha uzi wa pili huukata ule wa kwanza. Hakuna kinachomwongoza mtu ila hesabu. Akikosea uzi mmoja mwanzoni, jani litakataa kukutana na shina lake, kama vile mshororo wa mizani 15 unavyokwaruza masikio kati ya wenzake wenye 16.

Wako wanaosema kwamba palipo na hesabu hapana ubunifu. Hoja hiyo si ngeni kwetu. Tumeisikia katika ubishi juu ya ushairi, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wakati wengine walikuwa wameshika kwa mikono miwili kanuni zilizoandikwa na Amri Abedi mwaka 1954. Lakini kwa mtarizi hoja ina ncha kali zaidi. Mshairi huhesabu maneno yake mwenyewe. Mtarizi, aghalabu, huhesabu miraba iliyopangwa na mtu mwingine asiyemjua. Je, huyo ni msanii au ni mnakili?

Historia inawapa wenye hoja hii nguvu kidogo. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kiko kitambaa cha Jane Bostocke chenye tarehe ya 1598, nacho ndicho cha zamani kuliko vyote vya aina yake vyenye tarehe huko Uingereza. Kina herufi, kina mapambo ya mishono mbalimbali, ukiwamo wa msalaba, na kina maandishi ya kukumbuka kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee mwaka 1596. Vitambaa vya namna hiyo vilikuwa kama daftari: mtu alihifadhi humo mishono na mapambo aliyoyajua. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapishaji wa Berlin walianza kuuza michoro ya miraba iliyotiwa rangi kwa mkono. Michoro hiyo ikaenea Ulaya na Marekani, na kwa muda mrefu nyumba nyingi zilijaa maua yaleyale na mbwa walewale. Sina budi kukiri kwamba kazi nyingi za wakati huo zinachosha kuzitazama.

Hata hivyo, tusiharakishe kutoa hukumu. Tuwatazame Wapalestina, ambao utarizi wao kwa sehemu kubwa ni huu wa msalaba, na ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Wao huuita tatrizi, neno la mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia sisi tarizi. Zamani mtu aliweza kujua mwanamke ametoka sehemu gani kwa kutazama nakshi za kanzu yake. Hasa kuanzia miaka ya 1930, nyuzi na vitabu vya michoro kutoka Ulaya viliwafikia, navyo vilikuja na mawaridi na ndege wa kigeni. Wanawake wale hawakukataa wala hawakumeza kila kitu. Waliyatia mawaridi hayo kati ya nakshi zao za kale. Kisha, baada ya maasi ya mwaka 1987 kuanza, wakati kuonyesha bendera yao kulipigwa marufuku, baadhi yao waliitarizi bendera na ramani ya nchi juu ya nguo walizovaa. Mbinu ilikuwa ileile ya kuhesabu nyuzi. Anayewaita wanakili na aende akawaambie mwenyewe.

Kwa hiyo ninaloliona mimi kuwa kipimo si kama mtu ametumia mchoro wa mwingine, bali kama hesabu imebaki mikononi mwake. Na hapo ndipo uchaguzi wa vifaa unapokuwa jambo la maana. Siku hizi huuzwa vitambaa ambavyo misalaba yote imekwisha kuchapwa juu yake kwa rangi inayotoka kwa maji. Sivipendi. Vinamwachia mtu kazi ya mkono na kumnyang'anya ile ya akili, ambayo ndiyo tamu.

Kitambaa kinachomfaa anayeanza ni kile kiitwacho Aida, kilichofumwa kwa makusudi ili matundu yake yaonekane kama miraba. Huuzwa kwa namba: namba 14 maana yake ni miraba 14 katika inchi moja, na namba 18 ni midogo zaidi. Picha yenye mishono 70 kwa upana na 84 kwa urefu itakuwa inchi 5 kwa 6 juu ya namba 14. Ongeza inchi 3 kila upande, ukate kipande cha 11 kwa 12. Wengi huisahau nyongeza hiyo, kisha hulia wanapotaka kuitia picha katika fremu.

Asiyekuwa na Aida asikate tamaa. Kitambaa chochote ambacho nyuzi zake za kwenda na za kukingama ni sawa kwa idadi katika kila inchi kitafaa, na vitambaa vya meza vya kitani, vilivyochakaa kidogo, hupatikana katika marundo ya mitumba pale Owino, Kampala, kwa mtu mwenye subira ya kupekua. Mbele ya darasa mimi hutumia gunia. Nyuzi zake huhesabika hata na mtoto aliyeketi nyuma. Kanga haifai, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba mno kuhesabika kwa macho.

Sindano iwe butu. Sindano kali hutoboa uzi wa kitambaa na kuupasua, lakini iliyo butu huteleza ndani ya tundu lililopo. Namba 24 yatosha kwa Aida ya 14. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, jambo linalowachanganya wauzaji wenyewe. Uzi wa pamba wa kutarizi una nyuzi ndogo sita zinazoachana. Kwa Aida ya 14 tumia mbili, nazo zisizidi urefu wa sentimita 45 au hivi, zisije zikachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Kampuni ya DMC ya Mulhouse, iliyoanzishwa mwaka 1746, huzipa rangi zake namba, na 310 ni nyeusi popote uendapo. Nyekundu zote zijaribiwe kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Duara la kukazia kitambaa ni zuri, ila livuliwe kila usiku, la sivyo litaacha alama isiyofutika upesi. Subana tuwaachie mafundi cherehani.

Kanuni moja haina msamaha: uzi wa juu wa kila msalaba uelekee upande mmoja, kazi yote. Mwanga huangukia nyuzi hizo, na zikielekea huku na huko uso wa picha huwa na mabaka, ingawa mtazamaji hataweza kusema kasoro ni nini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tawi la mkahawa. Niliruka mraba mmoja katika shina, nikaligundua kosa hilo wiki tatu baadaye, majani manne yakiwa yamekwisha. Nilikaa jioni nzima na mkasi mkononi, kisha sikufumua. Nilichukua karatasi ya miraba, nikalichora tawi upya kuanzia pale nilipokosea, na kulipa jani la tano ambalo mchoro ulionunuliwa haukuwa nalo. Mwenzangu mmoja, aliyesoma habari za mimea, ameniambia kuwa majani ya mkahawa huota mawili mawili, yakielekeana, na kwamba langu hilo halina mwenziwe. Nimekwisha kuhesabu, nafasi ya jani la sita ipo.