Jicho la Mwalimu wa Chekechea

Yupo mtoto anayekaa mbele kila siku, macho yake yameganda kwenye midomo ya mwalimu. Nyumbani hawajagundua kitu, kwa kuwa kule kila mtu hupaza sauti. Mwalimu humwita kutoka nyuma, polepole, mtoto hageuki. Kesho yake hujaribu tena. Jioni mama akija, humvuta pembeni na kumwomba ampeleke mtoto hospitali akapimwe masikio.

Watu husema kazi ya mwalimu huyu ni kuchezesha watoto. Ni kweli, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Wakati wanapanga vizibo vya soda na kuchota mchanga kwa vifuu, yeye anaona ni nani ambaye vidole vyake havishiki, nani alikuja bila kunywa hata chai, nani hujikunyata mkono wa mtu mzima ukiinuliwa. Mchezo humwonyesha mengi ambayo mtoto hawezi kuyasema, na aliyeyaona ndiye atakayeyasema kwa wakubwa.

Pwani ya Kenya ina mfano mzuri wa mwalimu anayesema na wakubwa. Miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, msaada ili watoto wao wasibaki nyuma kielimu. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, akawaendea wazee na akina mama kuwashawishi kwamba Kurani, nyimbo za kwao na michezo vinaweza kukaa darasa moja. Walimu walitoka mitaa ileile. Mpango huo, ulioitwa Madrasa, ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Naamini nguvu yake ilikuwa hapo: mwalimu aliweza kupiga hodi nyumba yoyote bila kuandaliwa kiti cha mgeni.

Sera zipo. Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Lakini sera haihudhurii kikao cha kijiji. Mwalimu huhudhuria, tena mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliokaa mbele. Husimama akauliza kuhusu uji, halafu kuhusu choo: tundu limechimbwa kwa kipimo cha mtu mzima, watoto wanaogopa kutumbukia, wanajisaidia vichakani. Mwenyekiti akijibu kwamba suala hilo lingoje bajeti ijayo, yeye humuuliza: mtoto wa miaka minne atangojaje?